Nguzo Iliyomwangusha Wambui

Riruta

Dada yangu Nyambura,

Mimi ndugu yako Kamau sasa nina miaka themanini na mbili. Nimezika bibi, nimezika meno yote, na yule daktari aliyesema siku zangu zimeisha pia nimemzika. Wewe je, mguu umepunguza kuuma? Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna mtu amenishikia kalamu.

Mjukuu wangu Wambui alikuja kwangu kupumzisha goti. Unajua kazi yake huko ng'ambo kwa mama yake: anafunga mbao ndefu miguuni, anashuka mlima wa theluji akizunguka nguzo za bendera, mbio kushinda gari. Ana medali. Hizo mbio ametoa kwangu. Lakini alianguka kwa nguzo moja akaumia, na alikuja hapa hajui kama atarudi ama ataacha.

Kila asubuhi anakaa nje, macho amefunga, mwili unayumba, mkono unachora hewani. Halafu anashtuka, jasho tele. Nikasema huyu ameshikwa na kitu. Nikaita akina mama wa kanisa. Wakamzunguka wakaimba, Mama Njeri jirani yangu akamwekea mkono kichwani. Wambui akafungua jicho moja.

"Guka," akaniuliza mimi babu yake, "hawa wanataka nini?"

"Wanatoa pepo."

"Ni mbio, Guka. Nashuka mlima kwa akili. Sisi wote hufanya hivyo kabla ya kushindana. Lakini nikifika pale nilianguka, sipiti."

"Basi tumwombee apite," Mama Njeri akasema, wakaendelea kuimba. Hao hawaachi kazi nusu.

Walipoenda nikaketi karibu naye. Si amepewa jina la marehemu mke wangu, kwa hivyo mimi humwita bibi yangu, vile mila yetu inasema. Nikamshika mkono. "Bibi, twende wote. Mimi siogopi mlima." Nikafunga macho. Akisema lalia kushoto, nalalia kushoto. Kulia, kulia. Mkono wake ukakaza mpaka ukaniumiza, nikajua tumefika pale. Sikuachilia. Ukalegea, naye akaendelea kushuka, akinivuta, mpaka chini.

Dada, nilitaka aseme anabaki. Kuita hilo jina ndani ya nyumba na mtu aitikie ni kitu kikubwa. Lakini akasema, "Guka, narudi." Nikamwambia nenda, mimi ndiye nimekupitisha. Ameondoka Jumanne.

Msalimie shemeji, na mkaza mwanao anayekusomea hii. Mtu akisema Kamau hajawahi kushuka theluji, aulize Mama Njeri, alirudi kuchukua shali yake akatupata tukiyumba. Ama aulize Wambui. Yeye ndiye alikuwa mbele.

Ndugu yako,
Kamau