Baba Asiye na Familia Nchini

Kwako Baba, uliye Kitale,

Baba Mdogo Wanjala alifika shuleni kwetu Jumapili iliyopita na mkate, soda ya machungwa, na ombi lako. Mkate tumeula na wasichana wa bweni letu. Ombi lako nalijibu hapa, na nalijibu hadharani, kwa sababu ulichonitendea ulikitenda hadharani.

Unataka nimwandikie mwalimu mkuu wako, yule Mzungu, mstari mmoja tu: kwamba siku ile nilikufananisha na mtu mwingine. Nikiandika, utanilipia karo mpaka nimalize Fomu Nne. Nisipoandika, nijitafutie. Baba Mdogo aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. Nadhani aliona haya kwa niaba yako.

Nitakujibu. Lakini kwanza nataka tukumbuke mambo fulani, kwa kuwa wewe una kawaida ya kusahau.

Unaikumbuka sakafu ya sebule yetu Bungoma? Ijumaa jioni ulikuwa ukirudi kutoka kazini na vipande vya chaki mfukoni, na gazeti la juzi ulilopewa na mwenye duka. Ulisoma matangazo ya kazi tu. Tulipiga magoti pamoja na kuchora jedwali kwenye simiti: Gaborone huku, Maseru pale, Shelisheli kando ya mguu wa meza, na mwisho kabisa safu uliyoiita "hapa", ya mshahara wako wa serikali. Wasichana wa rika langu walikuwa nje wakiruka kamba. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilijua pula moja, pesa ya Botswana, ni shilingi ngapi.

"Naliaka, tunaanza na nini?"

"Mshahara."

"Wee! Mshahara ni wa mwisho. Kwanza, nyumba ni ya nani?"

"Ya shule."

"Ndege nani analipa?"

"Shule, kwenda na kurudi, kila mwaka."

"Na ukimaliza kandarasi?"

"Kiinua mgongo."

"Na watoto wa mwalimu?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikingojea. "Wanasoma bure!"

Ulinieleza kwamba shule za kimataifa zina walimu wa aina mbili. Kuna aliyeajiriwa kutoka nje, huyo hupewa nyumba, ndege, nafasi za watoto, kila kitu. Na kuna aliyeajiriwa akiwa wa hapo hapo, huyo hupewa mshahara na kuambiwa asante. Wote wawili wanaingia darasa moja na kufundisha somo moja. Mimi nilisema si haki. Wewe ulicheka ukasema haki haimo kwenye jedwali, niandike tu.

Mama alikuwa akija na ndoo na tambara. "Mmeshafika Botswana ama bado? Nataka kupiga deki."

"Bado, Mama Naliaka. Tuko uwanja wa ndege."

"Basi inueni miguu, maji yanakuja."

Tulicheka wote watatu. Nimelitafuta jambo la kulichukia katika jioni zile ili barua hii iwe rahisi kuandika, sijalipata. Zilikuwa nzuri. Nadhani ndiyo maana nina hasira kiasi hiki.

Kazi ya Gaborone ilipopatikana, ilibidi ujilipie nauli ya kwanza, urudishiwe baadaye. Mama alikodisha shamba letu la Kiminini misimu kadhaa kwa mkupuo, kwa mtu ambaye hata hakulipenda. Watu wa kanisa walichanga. Siku ya kukuaga, jogoo alichinjwa, na wewe ukaichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na haigusi sahani ya msichana, ukaiweka kwenye sahani yangu. Shangazi alipiga kelele.

"Ati firigisi? Kwa msichana? Baba Naliaka, umelewa chai?"

"Nikiwa sipo," ukamjibu, "huyu ndiye mwenye nyumba. Mwacheni ale."

Nilikula watu wote wakiniangalia. Ulijua sipendi kuangaliwa. Ulijua nilikuwa naenda dukani kwa kuzunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisikutane na mtu wa kumsalimu. Lakini siku ile nilikula mpaka mwisho, kwa ajili yako.

Mwaka wa kwanza uliandika na kutuma pesa. Mwaka wa pili ikaja kadi ya Krismasi yenye picha ya theluji, kutoka nchi ya jangwa. Kisha kimya. Shamba lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, kwa hivyo tulinunua mahindi sokoni kwa gorogoro, mkebe mmoja mmoja, na nina hakika mengine yalitoka kwenye udongo wetu wenyewe. Mama alianza kushona nguo za shule za watoto wa watu. Watu walipouliza habari zako alisema, "Yuko salama, kazi ni nyingi." Alisema hivyo mpaka watu wakaacha kuuliza kwa huruma, na hiyo huruma ilimuumiza kuliko maswali.

Nilidhani umekufa, Baba. Nakuambia ukweli. Kulikuwa na muda niliona afadhali uwe umekufa.

Halafu muhula uliopita Madam Nekesa, mlezi wa chama chetu cha maktaba, akatupeleka Kitale kwa chemsha bongo ya vitabu. Shule ile ya kimataifa, yenye farasi na nyasi zilizokatwa kama nywele za mwanajeshi, ilikuwa imealika shule za jirani. Tulikaa ukumbini tukiwa na masweta yetu yaliyoraruka viwiko. Mwalimu mkuu akasimama kutambulisha walimu wapya, na wewe ukasimama.

Ulikuwa umenenepa. Ulivaa koti la rangi ya kahawia, na kando yako mama mmoja mrembo, na watoto wawili wenye sare za shule ile. Mwalimu mkuu alisema wewe ni Bwana Simiyu, mwalimu wa hesabu, umetoka Gaborone. Akasema umezaliwa Kenya, lakini makao yako ni Botswana na huna tena familia nchini, kwa hivyo anawaomba wanafunzi wake wakuonyeshe upendo.

Watu wakapiga makofi. Uliinamisha kichwa kidogo, kama mfiwa.

Kwanza nilitaka kulia. Lakini wewe ulinifundisha hesabu, na kabla machozi hayajafika, hesabu ikafika. Kwa nini mtu aseme hana familia nchini? Nyumba ni ya nani? Ya shule. Ndege nani analipa? Shule. Watoto wa mwalimu? Wale pale, wenye sare. Mwalimu mwenye mke na watoto Bungoma ni wa hapa, hata awe ametokea wapi. Asiye na mtu ni wa nje. Ulikuwa umetuweka mimi na Mama na wadogo zangu Wekesa na Nafula kwenye jedwali, ukaona tunakupunguzia, ukatufuta.

Watu wanasema nilisimama kwa sababu nilishtuka. Waulize vizuri. Nilikaa nimetulia kipindi kizima cha maswali, na hata nikajibu mawili. Nilikuwa najua neno langu litakugharimu nini, kitu kwa kitu, na nilingoja mpaka chai na keki ziishe.

Mwalimu mkuu akauliza kama kuna shule ya wageni inayotaka kutoa shukrani. Madam Nekesa alimwelekezea kidole kiranja wetu. Nikasimama mimi. Nilisikia wasichana wenzangu wakinong'onezana, "Ati Naliaka? Naliaka anaongea?"

Nikasema kwa Kiingereza, polepole, nisikosee: "Tunashukuru kwa keki. Tunashukuru pia kwa kumleta Bwana Simiyu karibu na nyumbani. Ni baba yangu mzazi. Mama yuko Bungoma, na ndugu zangu wawili wako naye, wote wazima." Kisha nikakugeukia, nikakusalimu kwa lugha ya kwetu, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo: "Mulembe, Papa."

Hukuitikia salamu ya mtoto wako. Kwa hilo peke yake, kwetu, wazee wangekutoza mbuzi.

Ulitabasamu. Ukamwambia mwalimu mkuu, kwa sauti ile ya darasani, kwamba ni desturi nzuri ya watu wa huku: mtoto humwita kila mwanaume wa umri wa baba yake "baba". Labda msichana amezidisha kidogo. Na yule Mzungu akacheka kwa nafuu, akasema kumbe, desturi nzuri sana.

Ulikuwa uongo mzuri, Baba. Ulitumia adabu yetu kututukana. Nusura nikae chini.

Aliyeniokoa ni Chebet, msichana wa Fomu ya Kwanza, yule mwenye mdomo. Alisema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Desturi gani? Si muangalie masikio!"

Ukumbi ukageuka. Unajua masikio yangu. Shuleni wananiita Redio kwa sababu yake, eti yanashika stesheni zote. Tangu darasa la kwanza nimeyaficha kwa kitambaa kila niliporuhusiwa. Na wewe ulikuwa umesimama pale mbele na nywele fupi, na masikio yale yale yamesimama pande mbili za kichwa chako.

"Wacha, bana! Hata pembe ile ya juu!"

"Huyo ni Baba Redio kabisa!"

Hata watoto wa Kizungu walicheka. Mwalimu mkuu alikuangalia, akaniangalia, akakuangalia tena, akaacha kucheka. Yule mama alikuuliza kitu kwa lugha yao. Nilitoa kitambaa changu kichwani nikakikunja, ili aone vizuri.

Sasa Baba Mdogo ananiambia matokeo, na mimi nayaandika ili usidhani sijui. Nyumba ya shule, yenye mahali pa kuotea moto, wameichukua. Umebaki na kazi, lakini ya mwalimu wa hapa, mshahara na asante. Umepanga chumba nyuma ya soko. Yule mama amerudi kwao na watoto wake. Hao sina ugomvi nao. Nadhani nao hawakuambiwa tuko.

"Umemkata baba yako mikono yote," Baba Mdogo aliniambia. "Ungekuja kwake polepole, faraghani. Angekusaidia."

"Miaka yote hiyo hakujua njia ya Bungoma?"

"Mtoto wa ndugu yangu, hasira hailipi karo. Mtihani mwakani. Andika tu ati ulimfananisha."

"Na masikio, Baba Mdogo? Nayo niandike nimeyafananisha?"

Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akapaliwa na soda. Kisha akafuta macho na kusema anakuonea huruma, kwa kuwa wewe ni kaka yake. Nilimwambia anaruhusiwa.

Nimefikiria ombi lako wiki nzima. Nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara nyingi, na kila mara Mama anakaa kwenye cherehani mpaka miguu inavimba. Nikiandika ule mstari, atapumzika. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, na Jumanne nikamwandikia Mama nimuulize. Alijibu kwa maneno machache, kama kawaida yake: yeye alishakusamehe zamani kwa sababu amechoka kukubeba, shamba la Kiminini limerudi na mahindi yamefika kiunoni, na mimi nifanye ninachoona sawa, lakini nisiandike kwamba sina baba, kwa sababu alimzaa mtoto na mtu anayemjua.

Basi jibu ni hili. Sitaandika. Mama amekusamehe, hiyo ni hiari yake. Mimi sijakusamehe, na sioni nikifanya hivyo karibuni. Kama karo itakosekana, nitasomea nyumbani na kurudi kufanya mtihani, na kama na hilo litashindikana, nitajua ni kwa sababu nilikataa kujifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe ulishajaribu kwa mkono wako na hukuweza.

Barua hii inabandikwa Jumatatu kwenye gazeti la ukutani la shule yetu, Madam Nekesa ameruhusu baada ya kuisoma mara mbili na kupenga kamasi. Nakala inakuja kwako. Nakala nyingine inakwenda kwa mwalimu mkuu wako, na kwa kuwa hajui Kiswahili, nimemtafsiria yote mimi mwenyewe, hata vicheko.

Najua utatafuta kazi tena. Najua unavyosoma gazeti, unaanzia ukurasa gani. Labda ni Lesotho safari hii, labda Shelisheli, na watakuuliza kama una familia, na kalamu yako itasita. Jibu unavyotaka. Lakini uliza kwanza kama shule hiyo inaruhusu wageni, kwa sababu zamani nilikuwa msichana anayezunguka nyuma ya nyumba ili asisalimiane na watu, na sasa siyo tena. Nitapita mlango wa mbele, nitasimama mahali ambapo kila mtu ananiona, na nitakusalimu mpaka uitikie.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Naliaka