Mkate wa Pumba wa Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifika hapa Mkunazini. Sote wazima, na dada yako kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama huo mkate wa ngano nzima wa dukani unafaa kwa tumbo linalofunga. Babu yako alikuwa na tumbo hilo hilo. Kwenye zamu yangu nilimpa mkate mweupe wa boflo kutoka Darajani, akashinda ananuna. Akitoka kwa mke mwenzangu, Bi Mize, tumbo jepesi na uso unang'ara. Nikajua kamtilia dawa! Nikamwendea, nikafunua vyungu vyake. Nikakuta mkate wa mtama uliosagwa na pumba zake, na mtungi wa maji.

"Mnyweshe maji, mwenzangu," akanambia, huku anacheka. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Basi kula, unafaa, maana ngano nzima nayo husagwa na pumba zake. Ila soma pakiti: ngano nzima itajwe mwanzo, maana mwengine umetiwa rangi tu. Anza kidogo kidogo, na unywe maji mengi.

Jibu hili nimelipata kwa Bi Mize, sikatai. Lakini ukipona, simu ya shukurani nipigie mimi.

Bibi yako,
mke mkubwa