Siku Diski Yako Ilipoanza Kugonga

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa dukani kwetu, kwenye kiti chako, na hofu bado haijanitoka mwilini. Tangu utuache, nikija kaburini nakuletea habari njema tu: Neema amepanda darasa, migomba ya kihambani, shamba la ukoo kule Marangu, imezaa. Hii ya sasa sikuweza kuisema kwa mdomo.

Jumanne asubuhi alikuja bibi mmoja kutoka Mwika. Nikamwamkia, akaketi, akafungua kitambaa na kutoa DVD ya video ya harusi uliyompigia mwanawe, Elia.

"Imekwaruzika, mwanangu, haisomi tena," akasema. "Na Elia mwenyewe tumemzika juzi juzi. Ameacha watoto wadogo. Nataka wamwone baba yao akicheka."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mume wangu alitunza kila kitu. Nikaitoa ile diski nyeusi ya kuhifadhia kazi zako, uliyoiandika kwa mkono wako "Harusi na nyumbani", nikaichomeka kwenye kompyuta. Ikagonga. Tk, tk, tk, kama ukucha kwenye mlango wa bati.

Ulinifundisha, sikatai. "Mama Neema, diski ikigonga, chomoa. Ukiilazimisha unaimaliza." Nilikumbuka kila neno, na bado nikajaribu mara ya pili. Nikajaribu na ya tatu. Bibi wa watu alikuwa ananiangalia.

Unakumbuka masika yale paa la duka lilipovuja? Ulitoka mbio na kompyuta ndani ya koti, ukaacha viatu vyako vinaelea. Tulipofika nyumbani ukanionyesha kwenye simu kasha la kuwekea diski kadhaa kwa pamoja. "Moja ikifa, nyingine inabaki na kazi zetu," ukasema. Mimi nikakujibu tuanze na bati kwanza. Ukacheka, ukarudisha simu mfukoni, hukulitaja tena mpaka unaondoka. Jumanne sikuwaza kitu kingine.

Nilimkimbilia Upendo, yule binti uliyemfundisha kuhariri picha. Siku hizi ni fundi wa kompyuta, ana ofisi yake hapa mjini. Akaishika diski kama mtu anayepima homa.

"Umeijaribu mara ngapi, Mama Neema?"

"Mara moja."

Akainua macho kutoka kwenye diski.

"Tatu," nikasema, machozi yakanitoka.

Hakunigombeza. Alisema diski ipumzike, kwanza tutafute pa kuhamishia. Tukazunguka madukani siku nzima. Muuzaji mmoja alikuwa na kasha kubwa la nafasi nne, limetoka kwenye ofisi iliyofungwa, diski zake ndani, kwa bei ya kutupa. Nililitaka pale pale. Upendo akaomba kulichomeka kwenye kompyuta yake, akasoma umri wa zile diski. Zilikuwa zimefanya kazi usiku na mchana miaka mingi, zote nne pamoja.

"Hizi ni wazee wa rika moja," akaninong'oneza. "Akianza kuondoka mmoja, wenzake hawachelewi."

Tukachukua kasha dogo, jipya, la nafasi mbili. Kwa duka kama letu linatosha: kila unachoweka kinaandikwa kwenye diski zote mbili. Diski zenyewe, za aina inayovumilia kuwashwa muda wote, tulinunua maduka mawili tofauti, ili zisiwe zimetoka kiwandani na kasoro moja. Na kwa umeme wetu huu wa kukatika, akanilazimisha kuongeza betri ya kulipatia kasha nafasi ya kuzima taratibu. Nilipodhani tumemaliza, akasema, "Kasha siyo nakala ya akiba, mama. Mwizi akilibeba, kabeba zote mbili. Tafuta diski ya tatu, ikae mbali na hapa."

Alhamisi yule bibi akarudi kutoka Mwika, akakaa kwenye benchi la Upendo, mikono mapajani. Upendo akaiwasha diski yako. Ikagonga, ikanyamaza, ikaamka.

"Inaweza kufa sasa hivi," akasema haraka. "Tunatoa nini kwanza?"

Baba Neema, mle ndani kuna folda ya Neema. Hukuwahi kukaa mbele ya kamera. Kila picha ni yetu sisi, na wewe ni sauti tu nyuma yake. Alikuwa na miaka mitatu ulipofariki, na sauti hiyo haiko mahali pengine duniani. Nilifungua mdomo kusema "Neema." Bibi hakuniomba kitu. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Elia," nikasema. "Harusi ya Mwika."

Ilichukua muda mrefu kuliko misa ya Pasaka. Kila diski ilipokwama nilishika ukingo wa meza. Harusi ikatoka nzima. Bibi alipomwona mwanawe akilishwa keki, alijifunika uso kwa khanga, akasema tu, "Ndiye."

Kisha tukaanza folda ya Neema. Haikufika nusu. Diski iligonga kwa nguvu, ikanyamaza, na Upendo alipoiwasha tena haikuitika.

Naogopa kukuambia vilivyopotea: ubatizo wake, Krismasi zote mbili za Marangu, wimbo uliokuwa unamwimbia. Naogopa pia kwamba siku moja Neema ataniuliza kwa nini nilimtanguliza mtoto wa mtu mwingine, na jibu nililo nalo halinitoshi hata mimi. Kasha jipya likilia kidogo nashtuka, naweka sikio.

Jana nilimwonyesha kilichopona. Kwenye kipande kimoja anacheza na vifaranga uani, na wewe unamwita kutoka nyuma ya kamera: "Neema! Neema!"

Mwanao, aliyekaa kwenye stuli hapa kando yangu na sare zake za shule, akaitika kwa sauti, "Abee, baba!"

Halafu akanigeukia, akaniuliza kama anaweza kuitwa tena.

Jumamosi napanda Marangu kuipeleka ile diski ya tatu kwa mama yako. Pumzika kwa amani, mume wangu. Nitazidi kuogopa, lakini nitavilinda vilivyopona.

Ni mimi,
Mama Neema