Printa Iliyokataa Baada Yako

Baba,

Nimeandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Tangu niolewe hapa kwako Bondeni sijawahi kukuita kwa kinywa changu. Kwa mila yetu mkamwana hamwiti baba mkwe, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wengi siku hizi wameacha, wanapeana mikono hata mlangoni pa kanisa. Wewe na mama hamkuacha, nami niliwaheshimu kwa hilo. Ila sasa umelala kaburini Ikolo, na nina mambo ambayo sina wa kunipelekea. Niwie radhi nikikusemesha mwenyewe.

Printa ilikataa.

Ilianzia msibani. Walitoa vitu vyote sebuleni ili watandike mikeka, na shemeji Ambakisye, mwanao wa Mbeya, akazichomoa nyaya zote kwa mkupuo kama mtu anayeng'oa magugu, akairundika mashine kitandani. Watu walipotawanyika tukarudisha meza, wajomba wakairudisha kompyuta na umeme wake konani na kiti chako mbele yake, nami nikachomeka waya wa printa kwenye tundu la mbele, maana ndilo nililoliona. Kompyuta ikalia ule mlio wake, halafu ikaandika kwamba kifaa hakijulikani. Hakijulikani! Printa iliyochapa mitihani ya shule na barua za nusu ya watu wanaovuka mpaka wa Kasumulu.

Hali yetu unaijua. Mwanao, Baba Tumpe, bado ni utingo wa malori ya Malawi, leo yupo, kesho hayupo. Uji wa mjukuu wako unatoka kwenye printa hiyo. Na shemeji akasema mbele ya wajomba, "Mashine imekufa na mwenyewe. Jumamosi tukishaweka msalaba kaburini naipakia, kuna fundi Mbeya anataka vipuri." Mimi nikasema, "Shemeji, haijafa. Haielewani na printa tu." Akacheka. "Wewe utajua nini, na mwalimu wako alikuwa ukuta?"

Ni kweli, Baba. Ukuta ndio ulionisomesha. Macho yako yalipoingia ukungu, ulikaa chumbani kwako, mimi sebuleni kwenye kigoda cha jikoni, Tumpe mgongoni, na ukawa unasema na ukuta. "Wewe ukuta, kuna mtu anabofya kabla hajasoma." "Ukuta, mwambie asifute draiva waya ukiwa ndani." Nami nikajibu, "Ukuta, mwambie mzee kuna alama ya njano." Siku ile jirani alikuja kuchapiwa barua, akatusikia, akaenda kumuuliza mama kama tumegombana. Mama alicheka mpaka akauweka chini ungo wa mchele.

Na draiva ulinieleza hivi, ukuta ukisikiliza: printa ina lugha yake, kompyuta ina yake, draiva ni mkalimani kama wale wa mpakani. Mkalimani akiwa mbovu, mtakaa mezani kutwa na hamtaelewana. Sijasikia mtu mwingine akieleza vizuri namna hiyo, na mimi shule yangu iliishia kidato cha pili.

Lakini kulikuwa na kazi ya mikono. Ilipofika hapo ulikohoa, nami nikabeba kigoda na mtoto, nikaenda jikoni. Ukaingia wewe, ukapapasa nyaya, ukatoka, ukakohoa tena. Nikirudi nakuta imekwisha. Basi mimi nilijua ya kwenye kioo. Ya nyuma ya mashine ulikwenda nayo.

Wiki ile nilifanya yote uliyonifundisha. Nilizima nikawasha. Nikaazima waya mwingine kwa mwalimu jirani. Nikafungua orodha ya vifaa, alama ya njano imekaa pale pale. Nikachomoa waya, nikafuta draiva, nikazima, nikawasha, nikaweka CD yako, nikasubiri mpaka iliposema sasa chomeka. Nikachomeka. Kifaa hakijulikani. Nikarudia, nikarudia, mpaka Tumpe akalala bila kuoga.

Nilisema, Baba. Nilisema kwa sauti, "Ukuta, nimefuata yote." Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikangoja kama mjinga.

Ndipo nilipoyatazama vizuri yale matundu ya mbele. Yana kutu. Unyevu wa huku haumwachi mtu, sembuse chuma. Nikakumbuka kwamba kila nilipoingia baada yako, mbele hapakuwa na waya hata mmoja. Ulikuwa unachomeka nyuma! Na mimi, kwa kuwa sikuwahi kukuona ukifanya, niling'ang'ana na tundu bovu, nikamlaumu mkalimani.

Nyuma ya mashine sasa. Imesimama chini kwenye kona, na mbele ya kona ni kiti chako, kile kizito cha mninga, kimebanwa kati ya meza na ukuta, koti lako likiwa begani mwake. Asiyekaa kwenye kiti hicho mkono wake haufiki nyuma ya mashine. Na mimi, kwa mila ile ile, hata kufagia nilikuwa nafagia pembeni yake.

Kulipokucha, mvua imekatika, nilimfuata mama uani, anageuza kokoa aliyoianika. Nikapiga magoti. "Mama, mashine inataka nikae kwenye kiti cha mzee." Aligeuza kokoa mpaka mwisho wa mkeka. Halafu akasema, "Uliyekuwa unamwogopa tumemzika. Kile ni mbao." "Ila koti nitalitoa mwenyewe." Akaja, akalitoa, akaondoka nalo kifuani bila kunitazama.

Nikakaa.

Pana shimo pale ulipokuwa unakaa. Nikainama upande, nikapapasa kwa vidole kama kipofu, waya ukaingia. Mlio ukalia. Jina la printa likaandikwa kwenye kioo, lote, na alama ya njano ikaondoka.

Sikufurahi, Baba. Nililia mpaka Tumpe akaamka. Kuinama pale kunabana pumzi hata mimi mzima. Na wewe, kwa kifua kile kigonjwa, uliinama kila mara, na mimi jikoni nasubiri nadhani unachelewa tu.

Mzee wa kanisa alileta maneno ya ibada yako kwenye flashi, nichape. Mstari wa kwanza ni jina lako, kamili. Jina hilo sijalitamka maishani, hata maneno yanayofanana nalo huwa nayazunguka. Lilitoka kwenye printa likiwa na joto, karatasi baada ya karatasi, nami nikawa nazigeuza kifudifudi zinapotoka.

Jumamosi tukaweka msalaba, tukarudi. Shemeji akaleta kirikuu, kigari cha mizigo, mpaka mlangoni. Nikasimama hapo mlangoni na mtoto mgongoni. "Shemeji, hiyo karatasi ya ibada uliyoshika imechapwa wapi?" Akaitazama, akaigeuza. "Si mjini?" Nikamwambia, "Imechapwa humu ndani, na mashine iliyokufa." Akakuna kichwa. "Haya. Ikigoma tena je?" "Ikigoma nitaitengeneza." Mama akaita kutoka ndani, "Ambakisye, acha kusimama kama mdai, njoo ule." Kirikuu kikaondoka kitupu.

Hivyo ndivyo tulivyo. Mama anakula kidogo, koti halijaonekana tena. Wateja wanaulizia Mama Tumpe sasa, hawaulizii mzee, na kila wanapofanya hivyo najisikia kama nimemnyang'anya mtu kitu. Nikikosea herufi hakuna wa kunisema. Nyumba imekuwa kimya kibaya.

Ndaga fijo, Baba, asante sana. Hilo nalo sikuwahi kukuambia. Pumzika kifua chako.

Nakuahidi mashine haitoki nyumba hii. Na Tumpe akikua, kazi hii nitamfundisha yeye. Sitamtoa chumbani ikifika zamu ya nyaya. Tutapiga magoti wote wawili kwenye kona ile, mkono wake nikiushika, mpaka vidole vyake vilione tundu.

Mkamwana wako,
Mama Tumpe