Dirisha la Jiko la Mama

Mbita, 14 Agosti 1996

Fanuel wangu, mume wangu (bado nalipenda neno hilo!),

Hatujambo. Kuku wako ametotoa, na shati lako nimekataa kulifua kwa sababu lina harufu yako.

Mama yako bado anakohoa. Daktari aliposikia kwamba anakausha samaki kwa moshi ndani ya jiko lililofungwa, alisema moshi huo ndio unaommaliza. Najua kwenu bibi arusi hagusi ukuta wa jiko la mama mkwe. Mimi nimechukua jembe nikatoboa dirisha.

Wauza samaki walinicheka. "Nyar Migori, binti wa Migori wewe, ulikuja kuolewa au kubomoa?"

"Yote mawili," nikawajibu.

Mama ameapa hatakula ugali wangu mpaka uje uzibe tundu. Lakini jana alikaa papo hapo dirishani akigeuza samaki asubuhi nzima, na kifua kilitulia.

Mpenzi, njoo upesi nikukumbatie, ila usije na udongo. Nina mimba yako, na mtoto wetu hatavuta moshi ule. Ukiziba, nitatoboa tena, na la pili litakuwa kubwa zaidi.

Anayekupenda kupita kiasi,
Phanice