Nyufa za Kisanduku cha Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa meno kapiga simu tena. Kisanduku cha kuchujia maji nilichomtengenezea kimepasuka — cha tatu sasa! Tangi la samaki limemwaga maji hadi chini ya viti vya wagonjwa. Sielewi. Akriliki, plastiki ngumu inayoona kama kioo, ni ile ile, milimita tano. Gundi ile ile. Nilikijaribu kwa maji siku mbili nzima, hakikuvuja hata tone. Hapa kinatoka kizima, kwake kinaota nyufa nyembamba kama nywele. Kasema kwa upole kwamba hiki kijacho ndicho cha mwisho, samaki wake wanaishi kwenye ndoo. Afadhali angefoka.

Jumatano, 5 Machi
Nimebadilisha gundi. Nimepiga msasa kingo zote hadi vidole vimekufa ganzi. Labda ni joto la njiani? Labda daktari anakaza skrubu mno? Hakuna skrubu! Nimechanganyikiwa kabisa.

Mama kaniona nimeshika kichwa, kauliza kama nimekula. Tangu ahamie kwangu baada ya msiba wa baba alikuwa anakaa tu dirishani, mikono mapajani. Siku hizi anafunga vifurushi vya wateja, na anavifunga vizuri kuliko mimi. Juzi nilimsikia akiimba. Nilisimamisha msumeno nisikilize.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejua. Heri nisingejua.

Niliingia stoo kutafuta kamba. Mama na kitambaa, anasugua kisanduku kipya cha daktari, ukingo kwa ukingo. Kwa spiriti! Ile ya kusafishia vidonda. Akriliki ikishakatwa na kugundishwa haiguswi na spiriti — leo inang'aa, kesho inapasuka. Fundi yeyote wa kazi hii anajua. Mama si fundi. Kasema visanduku vinatoka mikononi mwangu na alama za vidole, ni aibu, ndiyo maana anavipangusa vyote kabla ya kufunga.

"Mteja akifungua aone kazi ya watu wasafi."

Vyote! Nikasema asante mama. Asante! Mdomo huu nao.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetengeneza kingine kwa siri, nimekificha chini ya kitanda kama mwizi. Nimeenda jikoni kumwambia, nikaishia kuomba chumvi. Nikarudi, nikaomba chumvi tena. Mara ya tatu kanipa kopo zima.

Nikimwambia, anarudi dirishani. Nisipomwambia, wateja wanakwisha. Nikificha chupa ya spiriti atanunua nyingine. Sijui hata namkasirikia nani.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kaja mwenyewe, bila taarifa, ameshika kile kilichopasuka. Nimekimbilia chumbani kuchukua kipya, na sasa nimekaa kitandani naandika badala ya kutoka. Nawasikia sebuleni. Daktari anauliza nani huvishika vitu hivi mwisho kabla havijatumwa. Mama anasema ni yeye, kwa kujidai kidogo. Anaeleza kitambaa. Anaeleza na chupa.

Meno ya bandia anayotengeneza daktari kila siku ni akriliki hii hii. Anajua.

"Kumbe ni wewe, mama," anasema.

"Ni mimi, mwanangu." Mama anacheka. "Hebu lete na hicho nikupangusie."