Namba Nzuri Ilikuwa ya Sindano

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mama na wote wa nyumbani. Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, kifua bado kinakubana asubuhi? Mimi nipo. Nakula, naamka, naenda kazini. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Kazi ni ileile ya kupakia saruji. Ghala letu halina dirisha, vumbi linaingia mpaka kwenye kope, na jioni ukikohoa unatema kijivu. Nyapara mpya ni mkali, anasema tunatembea kama maharusi. Tunacheka akigeuka.

Barua yako niliipata. Umesema mama ameshaamua, kwamba mwisho wa mwezi mtamrudisha mke wangu kwao, kwa kuwa miaka inakwenda na nyumba haina mtoto. Umesema pia kwamba mke wangu mwenyewe anafua tu na kuanika. Nimepiga simu mara mbili nizungumze na mama, na mara zote nikaishia kuulizia bati la jikoni kama bado linavuja. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi mama hawezi kunikatiza.

Unajua kwamba mwaka juzi nguvu ziliniisha. Nilikuwa nabeba mfuko mmoja nakaa chini, na nilipokuja likizo, wewe ni mtu mzima, usiku nilikuwa wa kugeukia ukutani. Kliniki walinipima damu wakasema homoni ya kiume imepungua sana, wakanianzishia sindano. Baadaye wakapima tena, na namba ikawa imepanda mpaka pale panapotakiwa. Nilitembea na ile karatasi ghalani kama mtu aliyefaulu mtihani. Ndevu zikajaa, mifuko nikabeba miwili miwili, wenzangu wakanipa jina la Beberu. Likizo iliyofuata nilirudi mwanamume. Mke wangu alicheka gizani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Mimba haikuingia, mama akaniuliza kulikoni. Nikamjibu, mbele ya mke wangu, kwamba damu yangu imepimwa na iko sawa kabisa. Sikudanganya, dada. Niliamini. Mke wangu aliinuka akaenda kuanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa kama kawaida. Wanataka uende kabla ya sindano mpya, la sivyo namba inapanda kwa uongo. Wanaangalia pia damu isizidi kuwa nzito, maana dawa hii huifanya nzito. Safari hii yangu imezidi, watanipunguzia dozi. Daktari ni mama mmoja mpole, hana haraka. Nikamuuliza, kwa kuwa mimi niko sawa, tatizo la mke wangu litatibiwaje huko nyumbani. Akaitafuta karatasi yangu ya kwanza kabisa, ile ya kabla ya sindano.

Akanionyesha mistari ambayo sikuwahi kuisoma. Labda walinieleza siku ile. Mimi nilisikia tu kwamba nguvu zitarudi. Nilivyoelewa, kichwa ndicho kinachotuma amri, na korodani ndizo zinazofanya kazi. Kwangu amri ilikuwa juu mno kwa kuwa korodani haziitiki: nyapara anapiga kelele mpaka sauti inamkauka, na ghalani hakuna kuli hata mmoja anayeinuka. Ile namba nzuri ilikuwa ya sindano, haikuwa yangu. Sindano inaleta nguvu na ndevu, mbegu haileti. Akasema kwa wengine hata huzilaza mbegu, lakini kwangu haikukuta cha kulaza. Wakanipima na hizo mbegu. Hakuna hata moja. Kisha akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi nikiwa mkubwa mkubwa, maana yakishuka huko chini huweza kuziua korodani.

Dada, wewe unajua. Mashavu yalivimba, halafu kule chini. Ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, naona haya hata kulia, na wewe ulinikanda kwa maji ya uvuguvugu huku umegeuzia uso mlangoni, ukamwambia mama ni homa tu. Sikulaumu. Ulikuwa unanisitiri. Lakini duniani ni sisi wawili tu tunaojua, na anayefukuzwa kwa jambo hilo ni mke wangu.

Kwa hiyo msimrudishe. Mama mwambie kwa maneno yako, unajua pa kuanzia. Mke wangu msomee haya yangu yote, hata pale pa ukutani. Asikie kwamba mgumba ni mimi, tangu kabla hajanijua. Daktari amesema kilichokufa hakirudi, nami nitachomwa sindano maisha yangu yote ili niweze kubeba saruji. Sina kingine cha kumpa. Akitaka kuondoka, asisindikizwe kama mzigo uliokataliwa dukani. Aondoke mwenyewe, mchana, na majirani wakiuliza, mama kwa mdomo wake awajibu kwamba mimi ndiye niliyeachwa.

Huku bado wananiita Beberu, na mimi naitika.

Nisalimie wote, na mama anywe dawa ya goti hata kama ni chungu. Usinipigie simu. Niandikie tu kama nguo za mke wangu bado ziko kwenye kamba.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemkanda.